Jinsi ya kujua mtaa wako Nairobi unashika joto kiasi gani, na venye unaweza kulipunguza

Kila mwaka kuanzia Januari mpaka Machi hivi, Nairobi tunalalamika kitu moja, jua, na kila mtu anasema hii jua si ile ya zamani. Sawa, dunia inazidi kupata joto na sisi hatujaachwa nyuma. Lakini jua linalopiga msitu wa Karura ndilo hilo hilo linalopiga fleti za Pipeline, siku hiyo hiyo, saa hiyo hiyo, na ukitoka huku uende kule saa tatu usiku ngozi yako itasikia tofauti kabla hata hujashuka kwa matatu. Hiyo tofauti haitoki juu, inatoka chini, kwa vitu tumejaza kwa ardhi. Wataalamu wanaita kisiwa cha joto, yani mji unakaa na joto kuliko mashamba yanayouzunguka, alafu ndani ya mji wenyewe kuna mitaa inachemka na mingine imetulia, kulingana na venye ardhi yake inatumika.

Naandikia mpangaji, mwenye ploti, kikundi cha vijana wa mtaa, ama mtu anataka kuhamia nyumba mpya na hataki kujuta Februari. Hauhitaji digrii ya kitu chochote. Unahitaji kipimajoto, daftari, simu yenye bando, na subira ya siku kadhaa.

Kwanza elewa joto linatoka wapi, usiruke hii

Jua likipiga mahali pana nyasi na miti, nguvu yake nyingi inaishia kwa kugeuza maji ya udongo na majani kuwa mvuke. Na hii kazi inakula nguvu kweli kweli. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inabeba joto karibu mara saba ya lile ungetumia kuchemsha hiyo lita kutoka mferejini mpaka ianze kutokota. Sasa fikiria mti mkubwa wenye mizizi imefika kwa maji, unaweza kutoa makumi ya lita kwa siku, kila siku, bila stima na bila kelele. Ukikata huo mti ukaweka kabro, yani yale matofali ya saruji ya kusakafia, ile nguvu ya jua haijapotea, imeingia kwa kabro, na kabro itakurudishia usiku ukiwa umelala.

Rangi nayo ina kazi yake. Lami mpya nyeusi inarudisha juu kama asilimia 5 tu ya mwanga wa jua, ikizeeka ikawa ya kijivu inafika 10 ama 20 hivi. Rangi nyeupe safi inaweza kurudisha asilimia 70 kwenda juu. Kinachobaki chote kinageuka joto hapo hapo.

Alafu kuna umbo la mtaa, na hapa ndio watu wengi hawaangalii. Usiku kitu chochote chenye joto kinapoa kwa kurusha hilo joto kwa anga. Sasa nenda Pipeline ama Zimmerman uone fleti za orofa sita, saba, nane, zimebanana mpaka mtu wa dirisha hili anaweza kupitishia jirani chumvi. Hizo kuta hazioni anga, zinaonana zenyewe, ukuta unarushia ukuta na ukuta unarudisha. Kusema ukweli mchana kile kichochoro kina kivuli na kinaweza kuwa afadhali kuliko barabara iliyo wazi, hasara yake inakuja jua likizama, kwa sababu mawe na zege yamekunywa joto tangu asubuhi na hayana pa kulitoa.

Mabati ni kinyume cha hiyo. Bati ni jembamba, haliweki akiba ya joto, linapata moto haraka na linapoa haraka. Kwa hivyo Mukuru ama Kibera mateso makubwa ni saa nane mchana mtoto akiwa amelala ndani, na kwa fleti za mawe mateso makubwa ni saa nne usiku. Usiku wa nyumba ya mabati ungekuwa poa, tatizo ni kwamba watu wanafunga kila kitu kwa sababu ya usalama, wako wanne ama watano kwa chumba kimoja, na jiko lilikuwa linawaka hapo ndani. Shika hii tofauti vizuri, kwa sababu dawa ya bati si dawa ya zege, na nimeona watu wakitumia pesa kwa kitu hakiwasaidii.

Magari, majenereta, viwanda na majiko pia yanaongeza joto, lakini Nairobi hatuna eisi (mashine za kupoza hewa) nyingi kwa nyumba kama miji mingine, kwa hivyo kwa mitaa mingi shida kubwa ni ardhi, paa na kuta.

Kwa nini mitaa mingine imepona

Huu mji ulianza 1899 kama depo ya reli, na walipokuja kuugawa waliugawa kwa rangi ya ngozi. Upande wa magharibi na kaskazini, kwenye udongo mwekundu, Muthaiga, Westlands, Kilimani na kwenda mpaka Karen, Wazungu walipewa ploti kubwa zenye miti. Waafrika wakasukumwa Eastlands kwenye udongo mweusi wa pamba, nafasi ndogo, karibu na reli na Industrial Area. Ukifungua picha ya setilaiti leo, zaidi ya miaka 60 baada ya uhuru, ule mpaka bado unauona kwa macho, upande mmoja kijani, upande mwingine bati na vumbi. Hii inaniuma kwa sababu joto halikuja kwa bahati mbaya, lilipangwa pamoja na ardhi.

Lakini usifikirie Eastlands yote ni sawa. Pita Kaloleni ama Jericho uone zile nyumba za zamani za kansoli, miti mikubwa, viwanja katikati, nyumba fupi. Hiyo ni hazina, na kila siku kuna mtu anaipigia hesabu ya maghorofa. Na usifikirie pia magharibi ni salama. Kilimani na Kileleshwa, bangaloo moja yenye bustani imekuwa ikivunjwa inawekwa fleti za orofa kumi na kitu na parking ya kabro mpaka kwa ukuta, kwa hivyo watu wa huko wanapoteza baridi yao ploti moja moja.

Hatua ya kwanza: soma ardhi ya mtaa wako

Fungua Google Earth Pro kwa kompyuta, ni ya bure, tafuta mtaa wako, alafu bonyeza ile saa ya picha za zamani urudi nyuma miaka kumi, kumi na tano. Angalia palikuwa na nini. Ukiwa mtaa kama Syokimau ama Ruai utaona uwanja wa nyasi ukigeuka bati na lami mbele ya macho yako.

Baada ya hapo toka nje kwa miguu. Chagua njia ya kama nusu kilomita, na kila hatua hamsini simama uandike mambo matatu: chini pana nini (lami, kabro, murram, udongo mtupu, nyasi), juu pana nini (anga wazi, mti, ukuta), na paa zilizo karibu ni za nini. Usikadirie ukiwa nyumbani, macho yanadanganya sana kwa mambo ya miti, mtu anaishi mtaa wenye miti mitatu na anasema wako na miti mingi.

Ukitaka mpangilio wa kulinganisha, mwaka 2012 watafiti wawili, Iain Stewart na Tim Oke wa Kanada, walitoa aina 17 za maeneo, kumi za majengo na saba za ardhi isiyojengwa, ndio watu wa miji tofauti waongee lugha moja. Kwa Nairobi ni rahisi kuziona: tao, yani katikati ya jiji, ni maghorofa yamebanana, Industrial Area ni magodauni mapana yenye bati na yadi tupu, Mathare ni nyumba fupi nyepesi zilizoshikana, Runda ni nyumba fupi zilizoachana zenye miti, Karura ni msitu. Andika mtaa wako uko wapi kwa hiyo orodha. Mitaa mingine ina aina mbili tatu ndani, na hiyo ni sawa, hapo ndio kupima kunakuwa na maana.

Hatua ya pili: pima, na upime vizuri

Nunua kipimajoto kidogo cha dijito kinachoonyesha joto na unyevu, kwa maduka ya Luthuli Avenue hukosi. Kosa la kila mtu ni kukiweka juani. Kikipigwa na jua kinapima joto la plastiki yake, hakipimi hewa. Tengeneza kibanda chake: chukua sahani kama tano za plastiki nyeupe, toboa tundu katikati ya zote isipokuwa ya juu, zipange moja juu ya nyingine zikiwa zimegeuzwa chini na uziachanishe kwa vipande vya mti ama vifuniko vya chupa, kipimajoto kikae katikati. Hewa inapita, jua haliingii. Tundika urefu wa kama mita moja na nusu kutoka chini, mbali na ukuta.

Pima mara tatu kwa siku: alfajiri kama saa kumi na mbili kabla jua kutoka, saa nane ama tisa mchana, na saa tatu usiku. Hiyo ya saa tatu ndiyo muhimu zaidi kwa hii kazi na ndiyo watu huacha. Joto la hewa la kisiwa cha joto linajionyesha sana baada ya jua kuzama, wakati mashamba yameshapoa na mji bado unarusha. Chagua siku zisizo na mawingu na upepo mdogo, Januari ama Februari, na mkiwa kikundi kila mtu apime kwake saa ile ile moja. Kulinganisha Jumanne yako na Alhamisi ya jirani hakuna maana kabisa.

Kuna mtego mwingine wa Nairobi hasa. Huu mji umeinama. Dagoretti Corner, mahali ofisi kuu ya hali ya hewa iko, ni karibu mita 1,800 juu ya bahari, uwanja wa ndege wa JKIA ni kama mita 1,624. Kwa kawaida hewa inapoa kama digrii 0.65 kila ukipanda mita 100, kwa hivyo mtu wa Embakasi tayari ana karibu digrii moja zaidi ya mtu wa Dagoretti hata kama wote wangekuwa chini ya mti. Ukipata tofauti ya digrii tatu, toa hiyo moja kwanza, zinazobaki ndizo za ardhi. Ama ufanye venye mimi hupendekeza, linganisha sehemu mbili zilizo karibu: Huruma na kingo za Karura, Zimmerman na uwanja wa Kasarani, South B na Mukuru. Hapo mwinuko haukusumbui sana.

Hii si kitu ya kufikiria tu. Watafiti waliweka vipimajoto Kibera, Mathare na Mukuru msimu wa joto wa 2015 kwenda 2016, matokeo yakatoka kwa jarida la PLOS ONE mwaka 2017, na wakakuta mchana huko ni joto kwa digrii kadhaa kuliko kile kituo cha Dagoretti. Maana yake ni kwamba ile taarifa ya hali ya hewa unasikia kwa redio jioni haiongei kuhusu nyumba ya mtu wa Mathare.

Sasa kuhusu kile kipimajoto cha kuelekeza kama bastola, cha infraredi. Kile cha kupima paji la uso tulichozoea wakati wa korona hakifai, kimetengenezewa joto la mwili wa mtu tu. Tafuta cha mafundi, kinachoenda juu ya digrii mia. Kwa lami, kabro, ukuta na nyasi elekeza tu usome. Kwa bati jipya linalong'aa kitakudanganya, kwa sababu bati la namna hiyo ni kama kioo, kipimajoto kinaona anga lililo juu yake na kinakupa namba ya chini sana, bati liko moto wa kuchoma kidole na kinakuambia ni baridi. Bandika kipande cha tepu nyeusi ya mafundi stima, kile kipana, kiache dakika tano hivi kipate joto la bati, alafu elekeza kwa tepu. Hiyo ndiyo namba ya kweli. Jaribu sehemu zote mbili, bati tupu na tepu, utaona hesabu mbili tofauti kabisa kwa kitu kimoja, na hutawahi kuamini picha ya joto ya mtu bila kumuuliza alipima nini.

Jioni fanya jaribio moja zaidi: weka kiganja kwa ukuta wa magharibi wa fleti yako saa tatu usiku, alafu kwa ukuta wa kaskazini ama kusini. Ule wa magharibi ndio ulipigwa na jua la alasiri, na mara nyingi bado uko vuguvugu. Kitanda chako kikiwa kimeegemea huo ukuta, kihamishe leo, hiyo ni bure.

Kwa wenye wanajua kompyuta kidogo, kuna setilaiti za Landsat 8 na 9, data yake ni bure kwa tovuti ya EarthExplorer. Nairobi iko kwa njia (path) 168, safu (row) 61. Chukua picha ya Januari ama Februari isiyo na mawingu, ya kiwango cha pili (Level 2), fungua bendi ya joto, ile ST_B10, kwa programu ya ramani ya QGIS, zidisha kwa 0.00341802, jumlisha 149, alafu toa 273.15 upate selsiasi. Zikiwa mbili zinapita kila siku nane. Kumbuka tu vitu viwili: inapima ngozi ya ardhi, yani paa na lami, si hewa unayopumua, na inapita hapa kama saa nne na dakika arobaini asubuhi, kwa hivyo haijui chochote kuhusu usiku wako. Na zile bati mpya zinaidanganya pia, kwa sababu ile ile ya tepu. Ukikwama, kituo cha RCMRD pale Kasarani kimefanya kazi ya ramani tangu 1975, na mara nyingi kuna mafunzo.

Hatua ya tatu: anza na paa

Sisi tuko karibu na ikweta, nyuzi 1.3 kusini. Machi na Septemba jua linapita karibu juu ya utosi. Kwa hivyo paa ndilo linakula jua kuliko ukuta wowote, na kwa nyumba isiyo ya ghorofa ama orofa ya mwisho juu, shilingi ya kwanza iende kwa paa.

Bati la zamani lenye kutu: subiri wiki ya ukavu, Desemba mwishoni ama Januari mapema, sugua kutu kwa brashi ya waya, osha vumbi, likauke, paka praima ya chuma, alafu rangi nyeupe ya nje mara mbili. Bati jipya usipake rangi moja kwa moja, itabanduka yote mvua ya kwanza, omba praima ya bati jipya. Usichukue kijivu wala ile nyekundu ya kupendeza, chukua nyeupe kabisa. Kama mnakinga maji ya mvua, uliza rangi isiyo na madini ya risasi (lead) na mmwage maji ya mvua za kwanza. Na kila mwaka lioshwe, kwa sababu vumbi la Nairobi likitulia juu ya nyeupe inakuwa kahawia na faida imeisha.

Watu huuliza, na Julai je, si tutaganda? Julai Nairobi ni mawingu karibu siku nzima, lile jua ungelipoteza ni kidogo. Kama bado una wasiwasi weka silingi, kwa sababu silingi inasaidia misimu yote miwili. Nafasi ya hewa kati ya bati na silingi, na matundu yenye wavu pande zote mbili chini ya paa ili hewa moto itoke, hiyo inafanya kazi kubwa sana. Lakini tafadhali, katoni na magunia ya nailoni chini ya bati yenye nyaya za stima zimeachwa wazi usiweke. Moto kwa mitaa yetu unaenda nyumba kumi kabla maji hayajafika. Bora bodi ya silingi kwa chumba kimoja kile mnalala kuliko katoni nyumba nzima.

Ukipaka, pima. Acha chumba kimoja cha jirani hakijapakwa, kipimajoto kimoja huku kingine kule, saa nane mchana, siku moja. Hiyo karatasi ndiyo utamwonyesha landilodi. Na ukienda kwake usiende na malalamiko. Enda na mwenzako mmoja ama wawili, umwambie, "Mzee, shikamoo, tumepima hiki chumba na hicho, hii ndiyo tofauti, sisi wapangaji tutatoa watu wa kusugua kutu kama wewe utanunua rangi." Landilodi wengi wanajua mpangaji wa orofa ya juu huhama mapema, hiyo hoja anaielewa bila kuelezwa.

Miti, na mahali pa kuiweka

Kwa ploti yenye nafasi, mti wa kwanza uende magharibi, ukinge jua la saa tisa mpaka saa kumi na mbili. Wa pili mashariki. Kaskazini na kusini ukingo wa paa ukitoka nje kidogo unatosha.

Aina inategemea udongo. Udongo mwekundu wa Kabete, Dagoretti, Kasarani ya juu, kuna mukinduri, muringa, mukima, parachichi pia, unapata kivuli na matunda. Udongo mweusi wa Embakasi, Utawala, Syokimau unavimba mvua ikinyesha na kupasuka kiangazi, huko mgunga ule wa gome la njano unavumilia. Usipande mti mkubwa karibu na msingi kwa udongo mweusi, mizizi inanyonya maji, udongo unanywea, ukuta unapasuka. Mugumo ni mti wa heshima, unakumbuka ule wa Waiyaki Way barabara ya juu ilipokuwa inajengwa, watu walisimama nao mpaka Novemba 2020 ikatoka amri usikatwe. Lakini kwa ploti ya futi hamsini kwa mia mugumo utakula suwereji yako yote, upeleke uwanjani ama shuleni. Na chini ya nyaya za stima usipande kitu kirefu, watakuja kukikata kichwa.

Panda mvua ndefu ikishika, Machi mwishoni ama Aprili. Mti haufi siku ya kupanda, unafia kiangazi cha kwanza na cha pili baada ya watu kupiga picha na kwenda. Toboa mtungi wa lita ishirini tundu dogo kama la msumari, uweke kando ya mche, ujaze mara mbili kwa wiki. Maji ya kufulia yasiyo na jiki yanafaa. Weka jina la mtu kwa kila mti, mtu mmoja si kikundi, kwa sababu mti wa kikundi haumwagiliwi na mtu.

Hauna udongo? Pasheni ikipanda kwa waya mbele ya dirisha la magharibi inaziba jua na unakula. Magunia ya sukuma wiki kama yale ya Kibera yanapoza kona yake kidogo, usitarajie yapoze mtaa, lakini kuta zilizo nyuma yake zinakaa vizuri.

Kama mnaweka kabro kwa kompaundi, pigania vitu viwili tu: rangi isiyokolea, na nafasi ya udongo, mita moja hivi kuzunguka kila mti na ukanda kando ya ukuta. Parking inaweza kuwekwa zile kabro zenye matundu nyasi ziote. Saruji kutoka ukuta hadi ukuta inakupa joto Februari na mafuriko Aprili, ni ardhi ile ile inakataa maji.

Na kama mtaa wenu unapakana na mto, Nairobi, Mathare ama Ngong, ule ukanda wa kando ndio sehemu yenu ya bei rahisi ya kupoza. Hewa baridi usiku inatiririka kufuata mabonde, inahitaji njia tu isizibwe na ukuta. Michuki Park pale karibu na Globe palikuwa takataka na magereji, sasa ni miti na watu wanakaa hapo mchana.

Kabla ploti ya jirani haijageuzwa

Hii ndiyo sehemu naiomba sana msome, kwa sababu unaweza kupaka paa lako na kupanda mgunga wako, alafu jirani wawili wakajenga orofa kumi na mbili kila upande na kazi yote ikaisha.

Mtu akitaka kugeuza matumizi ya ardhi, tuseme kutoka nyumba moja kuwa fleti ama godauni, sheria ya mipango ya ardhi ya 2019 inataka aombe ruhusa kwa kaunti na umma uambiwe. Utaona tangazo kwa gazeti na bango limepigiliwa kwa geti ama ukuta wa ploti. Kwa kawaida linatoa siku 14 za kupinga kwa maandishi. Piga picha bango siku ile unaliona, tarehe ionekane, kwa sababu mengine hutolewa mapema ama huwekwa nyuma ya kichaka.

Kwa barua usiandike tu kwamba hamtaki fleti, hiyo haisaidii. Andika namba ya ploti, alafu mambo yanayopimika: kuna miti mikubwa mingapi na mingapi itabaki, ni sehemu gani ya ardhi itabaki udongo, jengo litaacha mita ngapi kutoka kwa mpaka, maji ya mvua yataenda wapi, na joto mlilopima la saa tatu usiku kwa mtaa wenu kwa namba. Omba masharti: miti fulani isiguswe, asilimia fulani isisakafiwe, paa liwe jeupe. Mara nyingi masharti yanapatikana mahali kukataa kabisa hakupatikani. Taja Katiba, Kifungu cha 42 cha mazingira safi na yenye afya, na cha 69 kinachotaka serikali ifikishe miti angalau asilimia 10 ya ardhi ya nchi. Karura yenyewe ilibaki kwa sababu Wangari Maathai na wenzake walisimama mbele ya mabaunsa 1999, wakapigwa, na hawakurudi nyuma. Nyinyi mnaandika barua tu.

Mjiunge, majirani kumi, ishirini, majina, sahihi na namba za nyumba. Mpeleke City Hall kwa mkono nakala mbili, moja ibaki kwao, na ile yenu ipigwe muhuri wa kupokelewa wenye tarehe kabla hamjatoka mlangoni, kwa sababu mkikata rufaa baadaye hiyo ndiyo karatasi ya kwanza mtaulizwa.